Paipu za chuma dari nzima, waya wa athi hakuna: yaliyonikuta Mwanjelwa, Mbeya

Yule fundi aliyenifungia taa nilimuuliza swali moja tu, tena kwa adabu. "Fundi, mbona sioni ule waya wa kijani na njano?" Ndio waya wa athi, unaoshusha ardhini umeme unaovuja. Hakugeuka hata kunitazama. Akiwa juu ya ngazi akanijibu, "Mama, wewe shona nguo, umeme tuachie wenyewe." Wasichana wangu wakasikia, na mteja aliyefuata gauni lake akasikia. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Chumba changu cha kushonea kimepakana ukuta na ghala la mahindi. Panya wanahamia darini kwangu wakishiba, na waya za zamani walishazitafuna mara mbili. Ndiyo maana niliamua kuweka taa ndefu za tyubu, nne, na waya zote zipite ndani ya paipu za chuma. Niseme ukweli, kwa macho kazi aliiweza. Kona alizikunja vizuri, paipu zimenyooka toka ukuta hadi ukuta. Jioni ya kwanza tulipowasha, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi niliuona bila kuinama. Nilimsifia kwa majirani wote. Nikamwongezea na ya soda.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja binti ninayemfundisha alikuwa ametoka kupiga deki, sakafu bado mbichi, yupo pekupeku. Taa zimezimwa. Akashika paipu inayoshuka kwenye swichi ili apenye nyuma ya cherehani. Nikasikia ukelele, nikageuka, nikamkuta chini. Mungu ni mwema, umeme ulimtupa, haukumng'ang'ania. Zahanati walimpima, wakaturuhusu, lakini mkono ule haukuwa na nguvu mpaka jioni. Ningemwambia nini mama yake kule Tukuyu?

Nikampigia fundi. "Taa si mlikuwa mmezima? Basi haiwezekani, mama." Akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Siku ile niliapa paipu zote zing'olewe. Nilitaka niandike hapa kwamba mtu asithubutu kuweka chuma darini kwake. Kauli hiyo naifuta, na aliyenifanya niifute ni mzee mmoja fundi wa Uyole, aliyenionyesha leseni yake ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, kabla sijamuuliza. Alizima meni swichi, akapima kwa testa, akafungua boksi la juu, kisha akaniita nipande ngazi nione kwa macho yangu.

Paipu ilikatwa kwa msumeno wa chuma na mdomo wake haukupigwa tupa. Umeachwa mkali kama wembe, na bushi ya kukinga waya haipo. Waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, umechunika pale pale, shaba inagusa chuma. Halafu swichi yule bwana aliifunga kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto! Yaani ukizima, taa inazimika kweli, lakini moto unabaki kwenye waya hadi juu kwenye tyubu, usiku na mchana. Na athi hakuna kabisa, si kwenye paipu, si kwenye bodi za taa ambazo nazo ni bati tupu. Mzee akaniambia paipu ya chuma isiyo na athi ni hatari kuliko ya plastiki, maana waya ukichubuka mahali pamoja tu, paipu nzima inakuwa na umeme. Ikifungwa athi, umeme unaovuja unapata njia ya kushuka ardhini, na swichi ya usalama inakata palepale.

Kwa hiyo waya niliouulizia mimi, mshona nguo, ndio uliokosekana.

Mzee alisugua midomo yote kwa tupa, akaweka bushi, akapitisha waya mpya, swichi akaihamishia kwenye waya wa moto, akachimbia fimbo ya athi nyuma ya nyumba na kuongeza swichi inayokata umeme ukivuja. Kila hatua alinieleza. Nilipouliza alijibu, "Umeuliza vizuri, mama."

Paipu nazipenda, panya wameshindwa. Yule wa kwanza nilikusudia nimpe nusu ya sifa kwa ajili ya zile kona. Nikiandika haya namwona binti pale chini kwenye maji, na hiyo nusu siitoi. Amerudi kazini sasa. Swichi anaiwasha kwa ncha ya kidole, na akipita pale anaizunguka ile paipu.