Michezo ya sikukuu kwa watoto wadogo: cha kununua, cha kupika nyumbani na cha kuacha dukani

Ikikaribia Krismasi, na siku hizi hata Idi, supamaketi na maduka ya vifaa vya shule hujaza rafu maboksi ya "shughuli za sikukuu". Kuna stika za sponji, unga wa kuchezea wa rangi mbalimbali, shanga, vitabu vya kupaka rangi na mapambo ya kujitengenezea. Mzazi hununua boksi akitarajia mtoto aachane na simu na runinga likizo nzima. Mengi ya maboksi hayo hayafiki hata jioni, kwa sababu kazi imekwisha kufanywa kiwandani na mtoto amebakiziwa kubandua na kubandika tu.

Tumevipima vitu hivi kwa watoto wa miaka 2 hadi 6, na kipimo chetu ni kimoja: mikono ya mtoto inabaki na kazi kiasi gani, na kesho anaweza kuirudia kazi ileile bila kununua kingine? Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Mwongozo huohuo unataka watoto wa kuanzia mwaka 1 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za kujongeajongea kwa siku. Kwa hiyo hata shughuli nzuri ya mezani isimzuie mtoto kutoka nje kukimbia.

Tuanze na boksi la stika za sponji, maana ndilo linalouzwa sana. Ndani huwa na picha chache za mti wa Krismasi, nyota au mwezi, na vipande vyenye gundi mgongoni. Tatizo la kwanza ni ile karatasi ya nyuma. Mtoto wa miaka 3 bado hana kucha wala nguvu ya vidole ya kuibandua, kwa hiyo mzazi hubandua vyote na mtoto huishia kubandika tu. Ukilazimika kulitumia, pinda kona ya kila kipande mapema ili apate pa kushika. Tatizo la pili ni joto na unyevu. Mijini pwani gundi hiyo huachia baada ya siku chache na vipande huokotwa sakafuni na mdogo wake. Kwa bei yake, hatulipendekezi.

Unga wa kuchezea ni habari nyingine, na hapa hela haipotei. Mtoto anakanda, anasukuma, anakata, anavunja na kuanza upya, na mikono inayokanda ndiyo itakayoshika penseli vizuri shuleni. Ule wa dukani ni laini na rangi zake hutulia. Play-Doh, unaojulikana kuliko wote, ulianza kama kitu cha kusafishia karatasi za ukutani huko Cincinnati, Marekani, kabla ya kuuzwa kama mchezo mwaka 1956. Kasoro ya unga wa dukani ni kiasi. Vikopo ni vidogo, na watoto wawili wakikaa meza moja hugombea. Halafu ukiachwa wazi usiku mmoja unakauka na kupasuka.

Wa kupika nyumbani unaushinda kwa wingi na kwa bei. Chukua kikombe 1 cha unga wa ngano mweupe, nusu kikombe cha chumvi laini, kikombe 1 cha maji, kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya kupikia, na kijiko 1 na nusu cha chakula cha maji ya limau. Rangi ya chakula itie ndani ya maji kabla hujachanganya, kwani ukiitia baadaye itakaa madoamadoa na kuchafua mikono. Koroga vyote vikiwa baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uinjike kwenye moto wa wastani. Dakika ya kwanza utaona uji tu. Kisha chini kunaanza kushika. Endelea kusonga kwa mwiko kama ugali mpaka donge lijikusanye katikati na kuachana na kuta za sufuria. Kwa kawaida ni dakika 3 hadi 5. Ipua, acha lipoe hadi mkono uvumilie, kisha ukande kwenye kibao mpaka lilainike.

Makosa hapa ni mawili tu. Donge likinata vidoleni, halijaiva: lirudishe motoni dakika moja, usikimbilie kuongeza unga mbichi, kwani unga mbichi ndio unaochachusha donge siku zinazofuata. Likimeguka kama mkate mkavu, limekaa motoni mno: lowesha viganja na ukande, maji yaingie kidogokidogo. Limau halipo kwa ajili ya harufu. Asidi yake hulifanya donge livutike na likae muda mrefu bila kuharibika. Kwa harufu ya sikukuu tia kijiko cha chai cha mdalasini wa unga au karafuu iliyosagwa. Karafuu nzima wape wenye zaidi ya miaka 4 wazichomeke kama macho na vifungo, lakini mdogo wa miaka 2 asizikaribie.

Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Pwani chumvi huvuta unyevu na donge hutoka jasho, kwa hiyo likande na kijiko cha unga kabla ya kuanza mchezo. Sehemu za baridi kavu tatizo hugeuka, na hapo lifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kopo. Mwenye mzio wa ngano asiguse lolote kati ya haya mawili, maana hata Play-Doh ina ngano.

Usichanganye unga huo na ule wa mapambo. Mapambo ya kutundika kwenye mti au mlangoni hutokana na unga wa chumvi usiopikwa: vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe 1, uyatie kidogokidogo. Kanda dakika 10 kamili. Ukikatiza, chumvi haijayeyuka na uso utakuwa na chengachenga. Unga uwe wa kawaida usio na baking pauda. Ule wa keki hufura, na nyota yako inageuka andazi.

Unene ndio unaoamua kila kitu. Weka penseli mbili za unene sawa, moja kila upande wa donge, kisha mtoto asukume kifimbo cha chapati juu yake mpaka kiguse penseli zote mbili. Hapo unapata takriban milimita 5 hadi 7 kila mahali, na hata mtoto wa miaka 4 hakosei. Nyembamba zaidi hujikunja, nene zaidi hukauka nje na kubaki mbichi ndani. Kata kwa mdomo wa glasi au kifuniko, na toboa tundu kwa mrija wa soda sentimita 1 kutoka ukingoni. Ukitoboa karibu zaidi ya hapo, uzi utapasua ukingo siku ya kutundika.

Kwenye oveni, joto liwe nyuzi 100 hadi 120 kwa saa 2 hadi 3, ukigeuza katikati. Watu huharakisha kwa joto la 180, na matokeo ni mapovu na nyufa, kwa kuwa maji ya ndani yanageuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka. Oveni ya mkaa haifai kwa kazi hii, moto wake hautulii. Jua linatosha: siku 3 au 4, ugeuze asubuhi na mchana, uingize ndani jioni kabla ya umande. Baada ya rangi, paka vanishi mikono miwili, mbele na nyuma. Bila vanishi, pambo la Tanga au Mombasa litakuwa limelegea kabla ya mwaka mpya. Vanishi apake mtu mzima, nje penye upepo.

Onyo moja, na tunalisisitiza: unga huu una chumvi nyingi mno. Mtoto akilamba atatema mwenyewe, lakini akimeza donge zima, au mbwa wa nyumbani akila, chumvi inaweza kupanda mwilini kwa kiwango cha hatari. Ukiona kutapika, kiu isiyokatika au usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali mara moja.

Kalenda za kuhesabu siku, zile za boksi zenye vidirisha 24 na pipi ndani, ni nzuri kwa macho, ila hesabu yake ni ndogo na pipi ni nyingi. Mnyororo wa karatasi unafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa karatasi 3 za A4. Kata vipande vya upana wa sentimita 3 kwa kufuata upande mfupi. Kila karatasi hutoa 9, jumla 27, kwa hiyo una 24 vya Desemba na 3 vya akiba. Mtoto aandike namba au achore vitone, agundishe pete ndani ya pete, na kila asubuhi akate moja ahesabu zilizobaki. Kwa Ramadhani tengeneza pete 29, na ya 30 itundike peke yake pembeni. Mwezi usipoandama usiku wa kuamkia siku ya 30, ndipo pete hiyo inapoungwa. Watoto wa miaka 5 na 6 huuliza sababu, na hapo umepata somo zima la mwezi mwandamo bila kitabu.

Gundi ya kijiti ni safi lakini hukauka upesi kwenye joto ikisahauliwa wazi. Gundi nyeupe ya maji inashika zaidi, mradi imiminwe kwenye kifuniko na mtoto achovye kwa kidole kimoja. Ukimwachia chupa, karatasi italowa na pete zitafumuka. Uji wa unga nao unafaa, kipimo 1 cha unga kwa 4 vya maji, uchemke hadi uwe mzito, ila utaanza kunuka baada ya siku 2 au 3 na mende huupenda. Gundi ya papohapo isionekane mezani.

Taa za karatasi zinazouzwa zimeshakunjwa tayari ni pambo tu, hazina kazi kwa mtoto. Ya kutengeneza huanzia kwenye A4. Kata kipande cha sentimita 3 upande mfupi kiwe mpini. Karatasi iliyobaki ikunje katikati kwa urefu, na chora mstari sentimita 3 kutoka upande ulio wazi. Sasa kata kuanzia kwenye mkunjo hadi mstarini, kila baada ya sentimita 2. Kosa la karibu kila mtoto ni kuanza kukata upande ulio wazi, na anapata pindo za mkeka badala ya taa, kwa hiyo mpakie mkunjo rangi nyekundu kabla ya kumpa mkasi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hulegea, manila nayo ni ngumu kwa mikono yake. Ukipata ya gramu 120, ndiyo yenyewe. Ndani ingiza mviringo wa karatasi ya njano uonekane kama mwanga. Mshumaa hapana.

Kuhusu shanga, tunashauri kuziacha kabisa kwa walio chini ya miaka 3. Kipimo kinachotumika Ulaya na Marekani kwa vitu vya umri huo ni kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kinachotumbukia chote kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kwa wa miaka 4 kwenda juu, makaroni yenye tundu yanazishinda shanga za boksi. Kikombe 1 cha makaroni makavu, kijiko 1 cha chai cha siki, matone 10 ya rangi ya chakula, tikisa ndani ya mfuko, tandaza kwenye sinia hadi yakauke. Ukizidisha siki yanalainika na kugandana. Mpe kamba ya kiatu badala ya uzi, kwa sababu ncha yake ngumu hupita tunduni bila kuchambuka. Anza na mpangilio wa mbili nyekundu, moja ya kijani, halafu muulize inayofuata.

Vitabu vya kupaka rangi vya sikukuu havina ubaya, vinajaza dakika 20 wakati chakula kinaiva. Angalia zaidi kreyoni. Jaribu moja dukani ukiweza: ikiteleza na kuacha mng'ao wa nta bila rangi, mtoto atakandamiza mpaka ivunjike, kisha atasema amechoka.

Vitu vitatu virudishe rafuni hata kama boksi lina picha nzuri. Chochote chenye betri bapa za kitufe ambacho mfuniko wake hauna skrubu, kwani betri ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Shanga za maji, zinazovimba tumboni zikimezwa. Na unga wa kumetameta, ambao huhama kutoka vidoleni kwenda machoni. Tazama pia alama ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa mstari, yenye 0-3. Maana yake si kwamba mchezo ni mgumu kwa mdogo, ni kwamba una vipande vinavyoweza kumdhuru.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, nunua mkasi mzuri wenye ncha butu unaofungukia mkono wa mtoto wako, wa kushoto au wa kulia. Unga, chumvi na makaroni vimo jikoni.