Turubai juu ya paa lililong'oka: siku zangu 19 Uyole

Niseme mapema: nilinunua maturubai mawili, na la kwanza ilikuwa hela ya kutupa. Mvua ikishaingia ndani huulizi bei mara mbili, na wauzaji wanalijua hilo.

Ilikuwa Januari, saa kumi jioni, hapa Uyole, Mbeya. Mvua zetu huanza Novemba na hazituachi mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo mvua yenyewe si habari. Ya siku ile ilikuja na mawe na upepo wa kuzunguka. Nilisikia mlio kama mtu anaburuta masufuria darini, halafu mwanga ukaingia stoo mahali ambapo haujawahi kuingia. Mabati matano ya upande wa nyuma yalikuwa yameng'oka: matatu yamelala kwenye mahindi ya jirani, mawili yananing'inia kwa msumari mmoja mmoja yakipiga kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Na stoo nina magunia kumi na manne ya maharage.

Nilizima umeme kwenye meni swichi kabla ya kugusa chochote, maana maji yalikuwa yanateremka ukutani kufuata waya wa taa. Kisha tukaanza kuhamisha magunia sebuleni, mimi na wanangu, tukiteleza kwenye saruji iliyolowa.

Kijana wangu nilimtuma sokoni Mwanjelwa na bajaji. Akarudi na turubai la bluu, mita 4 kwa 6, shilingi 55,000. Muuzaji alimwambia, "Hili zito, ndilo wanafunikia malori." Lori gani hilo? Ukilinyanyua kwenye taa unahesabu nyuzi. Lakini giza lilishaingia. Vijana wa mtaa wakapanda, wakafunga kamba ya manila kwenye pete za pembeni, wakalibana kwa mawe na tofali. Nikawapa chai na ahsante nyingi, nikalala.

Saa nane usiku nikaamka. Upepo ulikuwa umeingia chini ya turubai, likavimba, pete tatu zikachomoka na kipande chake. Tofali moja likaporomoka likatoboa bati ambalo dhoruba yenyewe ililiacha zima! Pale turubai lilipobaki, katikati lilikuwa limelegea likakusanya maji kama beseni, na beseni hilo lilipopasuka lilimwagikia magunia mawili niliyokuwa bado sijayatoa. Vijana siwalaumu, walikuja kwa moyo.

Asubuhi jirani akanielekeza kwa fundi wa kupaua anayefanya pia kazi hii ya dharura, ana vijana wake wawili. Huyu ndiye ninayetaka kumwandikia hasa. Alifika saa tatu na hakuanza na ngazi. Aliomba tochi, akapanda darini, akakaa huko kama robo saa akigongagonga mbao. Akashuka.

"Mama, kenchi ziko salama. Papi mbili, hizi mbao za kupigilia bati, zimeachia. Na haya mabati yanayoning'inia tuyatoe kwanza, tukifunika juu yake yatatoboa turubai usiku huu huu."

"Basi pandeni, mwanangu, wingu lile linakuja."

"Bado limelowa, mama. Bati likilowa ni sabuni. Tusubiri kidogo."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Lakini tulisubiri hadi saa tano, jua likapiga, wakapanda.

Turubai aliloniagiza ni lile la mpira la malori ya kweli, la kijani, mita 6 kwa 8. Zito kiasi kwamba walilipandisha watu watatu. Nilisimama uani nikiangalia kila hatua, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini la kwanza lingeshindwa hata kama lingekuwa zito. Vijana wa mtaa walifunika tundu peke yake. Fundi alilivusha turubai juu ya kofia ya paa, pale juu pande mbili zinapokutana, mpaka upande wa pili, karibu mita nzima, ili maji yanayotoka juu yasipate mahali pa kupenya chini yake. Pembe hakuzifunga kamba. Alichukua mbao za mbili kwa mbili, akaviringisha ukingo wa turubai kuzunguka kila ubao mara mbili, ndipo akapigilia ubao huo mpaka ndani ya papi. Msumari ukipita kwenye turubai tupu unalichana upepo ukivuta. Hapa upepo unavuta ubao mzima. Kwenye tundu alitandika mbao za kuinama ili turubai lisilegee, na ukingo wa chini akauacha uvuke mwisho wa bati, maji yadondoke nje.

Gharama: turubai 190,000, mbao na misumari 38,000, ufundi 60,000. Halafu kazi ilipokwisha ikazuka "nauli ya vijana" 10,000 ambayo hatukuizungumza. Nilitoa, ila ilinikera. Na waliacha misumari uani. Mmoja nimeukanyaga mimi mwenyewe, ukapita kwenye ndala.

Kosa la pili lilionekana usiku wa tatu: tone, tone, tone, juu ya kona ya stoo. Nilipompigia alikuja baada ya siku mbili, na sikupenda kungoja, lakini alikubali kosa bila kuzungusha. Msumari mmoja ulipigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Akaung'oa, akaziba tundu, akahamisha ubao sentimita chache. Halikudondoka tena. Zilipita mvua kubwa mbili na usiku mmoja wa upepo mbaya, turubai lilinguruma mpaka mtoto akahamia kitandani kwangu, ila halikusogea.

Jambo moja hakuniambia: chini yake stoo inakuwa na unyevunyevu. Nililazimika kufungua madirisha kila mchana, la sivyo maharage yananuka uvundo. Yale magunia mawili niliyaanika. Moja lilipona, la pili lilishaanza kuota, tukawapa kuku.

Siku 19 zilitokana na kutafuta hela ya mabati, si na fundi. Mapya nimechukua geji 28 badala ya 30 niliyokuwa nayo (namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, mimi miaka yote nilidhani kinyume), na papi zimesogezwa karibukaribu. Sina bima. Wenye nayo wapige picha kabla ya kufunika, kwa sababu mwenyekiti wetu wa mtaa alipokuja kuandika uharibifu alikuta turubai zuri la kijani, akaniuliza kimeharibika nini.

Huyo fundi ningemwita tena kesho, ila nauli ya vijana tungeizungumza kabla ngazi haijaegemezwa. La bluu limekatwa, linafunika banda la kuku. La kijani jirani aliliazima Machi afunikie viazi vyake, na mpaka leo hajalirudisha.