Nimefuata jarida, nimepewa maneno

Nimevuka kutoka Pemba kwa boti, moja kwa moja mpaka maktaba moja hapa Unguja mjini, jina naliacha. Shida yangu ni juzuu za zamani za jarida la Kiswahili, lile lililoanza 1930 chini ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, leo linatolewa na TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Natafiti Kipemba, lahaja ya Kiswahili ya kule Pemba. Kitabu kinakupa hukumu iliyokwisha katwa. Jarida linakupa mabishano yenyewe, nani kasema nini na nani kamjibu toleo lililofuata. Ndiyo maana nikaja.

Nikampa mama wa mezani karatasi, nimeandika juzuu, toleo na ukurasa. Hata hakuishika. "Mambo ya kale hayo, mwanangu. Wenzio wanatafuta kwenye simu." Nikamwambia kwa adabu, mama, kwenye simu nimeshatafuta, wanataka nilipe kwa dola. Akanigeuzia mgongo, akaendelea na chai yake. Wallahi nilitetemeka. Watu wa maktaba kuwaonea uvivu wasomaji! Basi pafungwe tujue moja.

Kijana mmoja anayepangusa rafu akanionea huruma, akanipeleka nyuma. Juzuu ipo. Naifungua: kurasa nilizozifuata zimekatwa kwa wembe. Kimebaki kipande chembamba kwenye mshono, kila mstari umeacha herufi mbili tatu, "wa", "kat", "nam". Huyu aliyekata si mchwa, ni msomaji, mtafiti kama mie. Hilo limeniuma kuliko ya yule mama.

Nilikwisha kuandika "msiende". Nimefuta. Kijana yule yule alinifungulia fahirisi iliyoko mwisho wa juzuu nyingine, nikapata makala mbili ambazo hakuna aliyewahi kunitajia, na hizo nzima. Nikanakili kwa mkono mpaka wanafunga. Kwa hiyo nendeni, na msiishie kwenye makala mliyoandikiwa na msimamizi, someni fahirisi. Lakini kuhusu huduma ya mezani sina jema la kusema, na sitaki kuambiwa eti mama wa watu alikuwa kachoka.

Na wewe uliyekata zile kurasa, kama unasoma hapa, zipige kopi uzirudishe. Hata usiku, zisukume chini ya mlango.