Elimu na mazingira katika imani ya popobawa

Kati ya elimu na mazingira, kipi huathiri zaidi imani ya mtu kuhusu popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala? Hofu ya popobawa ilipozuka Pemba mwaka 1995, kisha ikaenea Unguja na Dar es Salaam, watu wengi walilala nje kwa makundi. Elimu ya shule hutoa maelezo mengine: mtu anapozinduka usingizini, mwili huweza kushindwa kusogea kwa muda, akahisi kifua kimekandamizwa na kuna kiumbe chumbani. Madrasa, kwa upande wake, haikanushi majini, kwa kuwa yametajwa katika Kurani. Hivyo si kila elimu huvuta upande mmoja. Mazingira hayasubiri maelezo yoyote, kwani giza, uvumi wa majirani na masimulizi ya wazee humfikia mtoto kabla hajajua kusoma. Naona mazingira yana nguvu zaidi, hasa usiku ambao mtaa mzima umekesha.