Unguja hadi Pemba kwa ndege ndogo: nusu saa ya angani inatosha kulipiwa?

Ukipima kwa mstari ulionyooka, toka kiwanja cha Abeid Amani Karume hadi kiwanja cha Pemba ni kama kilomita 125. Cessna Caravan, zile za injini moja zinazobeba abiria kumi na kitu, huzimaliza kwa nusu saa hivi. Kusi ikivuma, kwenda huwa kwepesi kuliko kurudi.

Mimi ni mtu wa Wete, kazi iko Unguja, na njia hii naijua vizuri, khasa tangu mama aanze kuhudhuria kliniki hospitali ya Mnazi Mmoja. Meli hataki kuisikia. Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Septemba 2011, ilikuwa ikielekea kwetu Pemba, na wapo majirani ambao hawakurudi. Kwa mzee kama yeye, kukaa saa kadhaa baharini, akitapika, akiomba dua mpaka bandari ya Mkoani, ni adhabu. Ndani ya ndege anamaliza uradi wake tu, tumeshatua.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa mgonjwa na kwa mzee inastahili kila shilingi, ingawa bei ni mara kadhaa ya tiketi ya meli. Lakini msihesabu nusu saa. Hesabuni nusu siku. Kufika kiwanjani mapema, mizani, kusubiri ndege inayotoka Dar, kisha mkishuka Pemba bado kuna gari hadi Chake, na wa Wete tuna kilomita thelathini nyingine mbele. Kampuni moja ilituchelewesha mchana kutwa bila hata ujumbe wa simu, mama akiwa na dawa za kunywa kwa saa. Hilo liliniuma sana. Mzee anahitaji kuambiwa mapema ili abaki kitandani kwake.

Mizigo nayo! Kilo 15 kwa mtu, mkoba laini, na pengine wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mizani. Mpemba gani anakwenda kuwatazama jamaa Unguja na kilo 15? Ndizi na mashokishoki ya watoto tunayapitisha melini na mtu tunayemwamini, mama anapanda na pochi yake tu.

Ngazi ya Caravan ni nyembamba na vidato vyake vimesimama. Waambieni wahudumu mapema kwamba mna mtu wa magoti. Wale wa kiwanja cha Pemba wamekuwa wakimshika mama mkono kwa adabu kabisa, “taratibu bibi, taratibu,” mpaka anakaa, na nawashukuru kwa hilo.

Mkielekea Pemba, kaeni kushoto. Bawa liko juu, hakuna kinachokuzibeni: kisiwa cha Mnemba kinapita na mwamba wake, kisha bahari ya rangi ya wino kwa muda, halafu Mkoani na, mbele kidogo, kisiwa cha Misali. Ndege haziruki juu sana, kwa hiyo wakati wa masika hutikisika mawinguni. Chagueni ya asubuhi.

Na mwisho wa Ramadhani kateni tiketi mapema. Wiki ya kuamkia Sikukuu viti huwa hakuna, na kampuni haziongezi ndege za kutosha.