Kampuni ya kusimamia nyumba: fundi safi, barua safi, ila someni mkataba wao mpaka mwisho

Nyota tatu kati ya tano. Kwa fundi wao wa mabomba peke yake ningetoa nne, maana huyo kijana akisema anakuja asubuhi anakuja asubuhi, na akimaliza anafagia. Nyota ya nne niliiondoa kwa sababu ya ripoti moja ya mwezi, na nitaieleza hapa chini kwa kirefu kwa sababu nina hakika kuna wenye nyumba wenzangu wanaozisaini ripoti hizo bila kuzisoma, kama nilivyokuwa nafanya mimi.

Nina jengo dogo la fleti sita aliloniachia marehemu mume wangu. Yeye alikuwa mtu wa kukaa kwenye ngazi jioni, miguu kanyoosha, na kila anayepita anasalimiana naye. Alijua nani kaachishwa kazi, nani kaleta mgeni, nani na nani hawaongei. Mimi sina magoti ya kukaa kwenye ngazi, wala sikai hapo. Kwa hiyo barua ya kwanza ya jiji ilipobandikwa mlangoni sikujua hata inazungumzia fleti gani.

Kwa wasioijua hii habari: jiji letu, kama majiji mengine mengi, lina sheria ndogo ya kero. Polisi au maofisa wa jiji wakiitwa kwenye anwani yako mara kadhaa ndani ya muda fulani, anayeandikiwa ni wewe mwenye nyumba, hata kama ulikuwa umelala kwako. Unatakiwa upeleke mpango wa maandishi wa namna utakavyoikomesha kero. Usipoupeleka, faini. Ikiendelea, leseni yako ya kupangisha inaingia mashakani. Barua yangu ilitaja makochi yaliyotupwa kando ya mapipa ya taka, kelele za usiku na "wito wa polisi". Mimi sijawahi kutupa kochi maishani mwangu, lakini jina lililoandikwa juu ni langu.

Nikaajiri kampuni. Ada yao ni asilimia kumi ya kodi, na wao wanapokea kodi, wanatuma mafundi, wanakagua, na wanajibu barua za jiji kwa niaba yako. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Msimamizi niliyepewa ni kijana mpole, ananiita Mama, na kwenye simu haharakishi mtu.

Niseme mazuri kwanza, na si machache. Ndani ya wiki tatu makochi yaliondoka, mapipa yakapata mifuniko, na namba ya kila fleti ikachorwa kwenye pipa lake kwa rangi nyeupe. Unaweza kucheka, lakini ile namba imefanya kazi kuliko matangazo yote niliyowahi kubandika. Mtu hatupi uchafu chini wakati namba yake inamkodolea macho. Taa ya ngazi ya nyuma, iliyokuwa imeungua tangu msiba, wakaweka yenye kihisi, ukipita inawaka. Geti lililokuwa linafungwa kwa waya likapata kitasa. Vijana waliokuwa wanakaa kwenye ngazi za nyuma usiku, ambao hawakuwa wapangaji wangu wala wageni wa mpangaji wangu yeyote, walihama wenyewe taa ilipoanza kuwawakia usoni. Sikuona haja ya polisi.

Kijitabu chao cha kukaribisha wateja kinasema mfumo wao umeiga mpango ulioanzia mji wa Mesa, Arizona, huko Marekani, mwaka 1992. Mwenye nyumba anakaa darasani, jengo linakaguliwa makufuli na taa, wapangaji wanaitwa kwenye kikao, na mkataba wa kupanga unaongezewa ukurasa wa masharti ya uhalifu. Darasa nilikwenda. Siku nzima kwenye viti vya plastiki. Nusu ya kwanza ilinifaa sana: namna ya kumhoji mwombaji bila kumbagua, namna ya kuandika onyo lenye tarehe na saa badala ya kugomba kwenye korido, namna ya kutunza daftari la matukio. Nusu ya pili ilikuwa juu ya kumtoa mpangaji upesi, na mkufunzi aliifurahia kidogo kupita kiasi.

Sasa ripoti.

Kampuni ina programu ya simu. Kila fleti ina kisanduku chake, na kila kisanduku kina rangi: kijani, njano, nyekundu. Tukio moja kijani kinakuwa njano, matukio matatu kinakuwa chekundu. Programu haiulizi tukio lilikuwa la nini. Haiulizi nani alikosa na nani alipiga simu. Inahesabu.

Mwezi wa saba tangu niwaajiri, Namba 4 ikawa nyekundu. Wito wa polisi tatu. Namba 1, ambaye muziki wake wa Ijumaa unatikisa vyombo kabatini kwa jirani, alikuwa kijani kibichi kama mchicha, kwa sababu majirani wake wamechoka kupiga simu. Chini ya ripoti palikuwa na pendekezo: mkataba wa Namba 4 usihuishwe, na apewe notisi kwa kukiuka ukurasa wa 11, unaosema mpangaji anawajibika kwa mwenendo wa wakazi wote na wageni wake, "waalikwa na wasioalikwa". Palikuwa na kitufe cha kukubali.

Nilikibonyeza. Sitajisafisha hapa. Nilikuwa kwenye foleni ya hospitali, miwani iko kwenye mkoba, nikaona nyekundu, nikaona neno polisi, nikakumbuka barua ya mlangoni, nikabonyeza. Kesho yake ndipo nilipowaza: Namba 4 ni nani? Ni yule mama mwenye watoto wawili, anayelipa tarehe moja kila mwezi na kuniandikia "nimeshatuma, Mama". Nikapanda ngazi mwenyewe, nikipumzika kila baada ya hatua sita.

Mlango wa Namba 4 una ubao wa chini uliopasuka. Si wa kugongwa na baiskeli wala meza. Ni alama za kisigino, tatu, moja juu ya nyingine, na rangi imebanduka kuizunguka kila moja. Ndani ameweka komeo lake mwenyewe la chuma, jipya, na skrubu mbili kati ya nne hazikuingia sawa kwa sababu hakuwa na mashine ya kutobolea. Notisi ilikuwa mezani, imekunjwa mara mbili. Watoto walikuwa wanaandika kazi za shule kwenye meza hiyohiyo.

Aliyekuwa anakuja ni baba wa watoto, waliachana zamani. Mara tatu amekuja usiku, mara tatu mama huyo amepiga simu, mara tatu polisi wamemwondoa mwanamume huyo. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Kwa hiyo Mama, akija tena nisipige?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitalishughulikia, maneno wanayosema watu wasiojua watafanya nini.

Nilimpigia msimamizi. Hakuwa mkorofi. Alisema: "Mama, mimi nakuelewa, lakini jiji halitofautishi. Wito ni wito. Simu zikifika nne, barua inakuja kwako, si kwake." Na kweli nikaogopa. Usiku huo nikamsimulia mtoto wa kaka yangu, anayesomea sheria. Akaniuliza swali moja: "Shangazi, umeisoma sheria yenyewe au umesoma barua ya kampuni?"

Akaitafuta, akanisomea kwenye simu. Kifungu chenyewe kiko karibu na mwisho, mistari minne: wito uliopigwa na mhanga wa ukatili wa majumbani, au kwa ajili yake, hauhesabiwi kuwa kero. Mistari minne! Kampuni inayolipwa kujibu barua za jiji haikuwahi kunitajia. Siku ya darasa pia haikutajwa, na tulikaa hapo kutwa.

Si kila jiji lina mistari hiyo, na pale penye mistari hiyo mara nyingi kuna mtu aliyeumia kwanza. Mtoto wa kaka akanieleza ya mji wa Norristown, Pennsylvania, Marekani. Sheria ya pale ilikuwa simu tatu ndani ya miezi minne, leseni ya mwenye nyumba hatarini. Mpangaji mmoja alishaonywa, kwa hiyo mwaka 2012 aliyekuwa mpenzi wake alipomvamia na kumchoma shingoni kwa kipande cha kioo, aliogopa kupiga simu. Jirani ndiye aliyepiga, na mwanamke akakimbizwa hospitali kwa helikopta. Wakuu wa mji wakaendelea kumbana mwenye nyumba amtoe. Chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kikafungua kesi mwaka 2013, na mwaka 2014 mji ukakubali kulipa dola 495,000 na kuifuta sheria yake. Nilipoisikia nilifikiria zile skrubu mbili zilizoingia upande.

Halafu kuna utafiti wa jiji la Milwaukee, hukohuko Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, wa watafiti Matthew Desmond na Nicol Valdez. Waliangalia barua za kero ambazo polisi waliwatumia wenye nyumba, wakakuta karibu theluthi moja zilitokana na ukatili wa majumbani, na wengi wa wenye nyumba hao walijibu kwa kumfukuza mpangaji au kumtishia kumfukuza. Yaani kile kitufe changu. Jambo hili halikupita kimya huko: mwaka 2016 wizara ya nyumba ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba sheria za namna hii zinaweza kuvunja sheria ya kutobagua katika makazi, na jimbo la California lina sheria inayozibana sheria ndogo hizi tangu mwanzo wa 2024.

Ili nisionekane napinga kila kitu: mwenye nyumba kubanwa naona sawa. Wapo wanaokusanya kodi kwenye nyumba zenye mabomba yanayovuja na ngazi zenye giza, na wakiambiwa wanasema "si mimi, ni wapangaji". Newham, mtaa wa jiji la London, tangu mwaka 2013 karibu kila mwenye nyumba binafsi alitakiwa awe na leseni, na mojawapo ya masharti ni kuchukua hatua za maana dhidi ya kero za wapangaji wake. Hatua za maana! Taa ni hatua. Namba kwenye pipa ni hatua. Kochi langu lililokaa nje mwezi mzima lilikuwa kosa langu, kwa sababu sikuwa nimelipia gari la kuchukua taka kubwa, na faini hiyo ningeilipa bila kununa. Lakini kumzuia mwanamume mzima asipande ngazi usiku wa manane, hiyo ni kazi ya polisi, na ndiyo maana mpangaji wangu aliwaita.

Tuliandika barua kwa jiji wenyewe, mimi na mtoto wa kaka, ukurasa mmoja. Tukataja kifungu, tarehe tatu na namba za taarifa za polisi ambazo Namba 4 alikuwa amezihifadhi zote kwenye bahasha. Jibu lilichukua siku kumi na tisa. Wito wote watatu ukafutwa kwenye hesabu ya jengo. Ofisa aliyesaini akaongeza kwamba nitengeneze mlango. Aibu iliyonipata hapo ni yangu.

Niliitisha kikao na kampuni. Kwa sifa yao, hawakubisha sana walipoiona barua ya jiji. Notisi ikafutwa kwa maandishi. Neno "wasioalikwa" likakatwa kwenye ukurasa wa 11 kwa wapangaji wangu wote sita, na ukaongezwa mstari kwamba hakuna mpangaji atakayeadhibiwa kwa kuita msaada. Nilitaka pia ada ya "kushughulikia wito" ya mwezi ule irudishwe, kwani walitoza mara tatu, moja kwa kila simu ya polisi. Walirudisha mbili. Ya tatu wanasema mfumo umeshaifunga. Nitaendelea kuidai.

Je, ninyi muwaajiri? Kama shida yenu ni taka, taa, mabomba na kodi inayochelewa, waajirini, hamtajuta. Kabla ya kusaini waulizeni ni nini kinahesabiwa kuwa tukio na nani anaamua. Wakiwaambia programu ndiyo inaamua, ombeni haki ya kuandika maelezo juu ya kila tukio kabla rangi haijabadilika. Mimi nilipewa nilipoomba. Nafasi yenyewe ni ya herufi mia mbili tu, lakini ipo. Na sheria ndogo ya jiji lenu isomeni wenyewe, au mpeni mtoto wa ndugu awasomee.

Mlango mpya wa Namba 4 uliwekwa na yule fundi wa mabomba, ambaye kumbe useremala nao anaujua. Ni wa mbao nzito, una kitundu cha kuchungulia na komeo lenye skrubu sita zilizonyooka. Gharama nimelipa mimi. Kwenye programu kisanduku chake bado ni njano. Msimamizi anasema njano haitoki mpaka miezi kumi na miwili ipite, hata iweje, na kwamba ameshapeleka ombi kwa wanaotengeneza programu. Namba 1 bado kijani. Ijumaa iliyopita nilimpigia mwenyewe saa tano usiku, akapunguza muziki, akaniomba radhi, akaniuliza magoti yanaendeleaje.