Miezi 9 kliniki ya lishe, baada ya chai ya kupunguza tumbo kuniumiza

Swali la kwanza nililoulizwa na afisa lishe halikuhusu mwili wangu. "Mama, lita moja ya mafuta ya kupikia inakaa siku ngapi nyumbani kwako?" Nikajibu siku 5. "Mnakula wangapi?" Wanne. Akashika kalamu, akapiga hesabu mbele yangu. Lita moja ni vijiko vya chakula kama 66, na kila kijiko kina kalori zipatazo 120. Ukigawa kwa watu wanne na siku tano, kila mmoja wetu alikuwa anakula zaidi ya vijiko vitatu vya mafuta kwa siku, karibu kalori 400. Hapo hatujagusa ugali, wala vitumbua nilivyokuwa nanunua kila asubuhi nikienda Kariakoo kwenye cherehani yangu.

Nilikwenda nimejiandaa kunyang'anywa ugali. Nikarudi na ugali wangu, nikiwa na kazi ya kupima mafuta kwa kijiko.

Niseme kwanza nilikotoka, maana najua wengi mko huko sasa hivi. Nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni dozi ya chai ya kupunguza tumbo pamoja na ratiba yake: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, mchana matango, usiku chai. Siku 12 nikapungua kilo 6. Nilifurahi hadi nikawapigia simu ndugu zangu. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji. Mtu akiacha wanga ghafla, mwili hutumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo huwa imeshika maji mengi. Ikiisha, maji nayo yanatoka. Na ile chai, pakiti yake iliposomwa pale kliniki, ilikuwa na sanamaki. Sanamaki ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Haigusi mafuta ya mwilini, inakuondolea maji na madini ambayo moyo na misuli vinayahitaji. Nilishikwa na kizunguzungu ndani ya daladala, abiria wakanishusha na kunikalisha kivulini, watu ambao hata sikupata nafasi ya kuwashukuru.

Miezi miwili baadaye nilikuwa na kilo 87, moja zaidi ya nilizokuwa nazo mwanzo. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikailaumu dawa ya nywele. Kliniki ndipo nilipoelezwa kwamba mwili ukinyimwa chakula kwa ghafla, nywele hupukutika miezi miwili au mitatu baadaye, mtu akiwa ameshasahau alichojifanyia.

Sasa kliniki yenyewe. Ni ya hospitali ya kawaida hapa Dar es Salaam, si ya kifahari. Siku ya kwanza walinipima urefu (sentimita 160), uzito, kiuno (sentimita 104), sukari na presha. Presha ilisoma 146 kwa 92. Daktari akasema hataniandikia dawa bado, ananipa miezi mitatu nijaribu chakula na mazoezi, ila niipime kila wiki. Lengo nililopewa lilinishangaza kwa udogo wake: asilimia 5 ya uzito, yaani kilo 4 na kitu. Nusu kilo kwa wiki inatosha, wakasema, na isizidi kilo moja.

Sahani yangu ilipangwa upya. Nusu yake ni mboga za majani, matembele au mchicha. Robo ni maharage, dagaa au samaki. Robo iliyobaki ni ugali wa dona, ukubwa wa ngumi yangu. Vitumbua mara moja kwa wiki, na chipsi mayai zikawa za nadra. Kilichoniuma kuliko vyote ni sukari ya chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akikaa chini ya vijiko vidogo sita hivi vya sukari kwa siku ndiyo bora zaidi, na hapo soda na juisi za paketi zimo. Nilishuka polepole, nusu kijiko kila wiki mbili. Leo nakunywa chai ya tangawizi na iliki bila sukari, nami naipenda hivyo.

Kutembea sikulipia chochote. Nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, dakika 30, siku tano kwa wiki.

Mwezi wa tano mizani ikagoma kwenye kilo 79, wiki tano mfululizo. Nilitaka kuacha, nasema kweli. Afisa lishe hakunipunguzia chakula. Alichukua futi na kunipima kiuno, kikawa kimepungua sentimita mbili ndani ya muda huohuo. Akanieleza kwamba chumvi na siku za hedhi hushikilia maji mwilini, ndiyo maana nipime mara moja tu kwa wiki, asubuhi, kabla sijala. Hata Ramadhani, nilipoongeza kilo moja kwa futari za mihogo ya nazi na kaimati za mama mkwe, hakunigombeza. Tulipanga futari upya: tende, uji, kisha chakula cha sahani ileile.

Leo nina kilo 74 na nusu. Kiuno sentimita 92. Presha iko 128 kwa 82, na dawa sikuanzishiwa. Lita ya mafuta inakaa siku 12.

Wana mapungufu, na ningependa wayarekebishe. Mizani iko koridoni, uzito wako unasomwa kwa sauti mbele ya foleni nzima. Hilo linawakimbiza kina mama wengi. Nimemwona mmoja akigeuka na kuondoka. Karatasi ya ushauri wanayogawa imejaa brokoli na shayiri za dukani, ilhali afisa mwenyewe kwa mdomo anataja kisamvu na choroko. Na kliniki ni Jumanne na Alhamisi tu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nililipa shilingi 15,000 kila hudhurio, mara moja kwa mwezi. Jumla yake haifiki bei ya dozi mbili za ile chai. Kama unatumia dawa za sukari au presha, waambie siku ya kwanza, maana uzito ukishuka daktari anaweza kulazimika kubadilisha dozi. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, vaa dera jepesi, na uende na pakiti ya chochote unachokunywa ili wakusomee.